Usisubiri likizo, mkuu. Mimi nilisubiri

Mkuu, likizo ya nini? Nimesoma swali lako mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Dogo yuko kidato cha pili, analala bweni, korodani ya kushoto imemuuma usiku mara mbili mwezi huu, kila mara ghafla, dakika kama 20, kisha ikaacha yenyewe. Wewe kaka mtu ukamwambia ni balehe, avumilie wiki tatu shule ifunge ndipo mwende hospitali. Halafu ukahamia kwenye maswali ya ndoto nyevu, kama vile hilo la kwanza limekwisha.

Halijaisha. Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa mimi nikiwa na umri huohuo, na leo nina korodani moja.

Acha nikueleze, na ukiona nafoka ujue sikufokei wewe peke yako. Kila korodani imening'inia kwenye kamba, na ndani ya kamba hiyo ndimo inamopita mishipa inayoiletea damu. Kwa watu wengi korodani imeshikizwa vizuri ndani ya mfuko. Kwa wachache haikushikizwa, inabembea ovyo. Siku moja inageuka, kamba inajisokota kama mpira wa maji uliopindwa, na damu haipiti tena. Inaweza kumpata mwanamume wa umri wowote, ila inawapata zaidi vijana wa miaka 12 hadi 18, na mara nyingi inamkuta mtu amelala usingizi wake. Hakufanya kitu kibaya, hakugusa kitu, hajamkosea mtu. Amelala tu.

Wakati mwingine kamba inajisokotoa yenyewe. Maumivu yanaisha, kijana anashukuru Mungu anageukia upande wa pili. Ndiyo maana hizo dakika 20 zako zimenitoa jasho. Inawezekana dogo ana jambo jingine kabisa, hilo daktari ndiye atakayesema. Lakini inawezekana pia kamba imeshajisokota mara mbili na kujifungua mara mbili, na ya tatu haina ahadi na mtu.

Yangu ilianza hivyohivyo. Mara mbili ikaja ikaondoka. Nikamwendea mwalimu aliyekuwa akitufundisha afya ya uzazi, nikijua huyu hatanicheka. Hakucheka. Alinipiga bega akasema, "Unakuwa mwanaume, mwili unatanuka." Nikatoka pale kifua mbele! Nilijiona nimepandishwa cheo.

Ya tatu ilikuja saa 8 usiku. Niliamka nimeshika chuma cha kitanda cha juu kwa mikono miwili, na kabla sijajua kinachouma ni wapi nikawa natapika kwenye ndoo ya mwenzangu. Maumivu yalipanda mpaka tumboni. Wakaniitia mwalimu wa zamu. Akauliza, "Unaumwa nini?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nalilipia mpaka leo. Nikasema, "Tumbo."

Bweni zima limeamka, tochi zimenimulika usoni, na neno lenyewe likagoma kutoka. Ni muhula huohuo nilichora mfumo wa uzazi wa mwanamume kwenye daftari, nikaupaka rangi, nikaandika majina yote kwa mistari iliyonyooka, nikapata 18 kati ya 20. Neno korodani nililiandika kwa herufi kubwa. Kulitamka mbele ya mtu mzima sikuweza. Na hakuna siku tuliyoambiwa kwamba ile kamba tuliyoipaka buluu inaweza kujinyonga.

Basi nikapewa dawa ya tumbo. Rafiki yangu mmoja niliyemnong'oneza ukweli akaniletea dawa ya kuchua misuli. Sitasema iliishia wapi, ila kama unaona kuungua na kuumwa ni vitu viwili tofauti, una bahati.

Asubuhi saa 4 nikapelekwa zahanati. Masaa 8 tayari yameshakwenda. Huko angalau nilisema ukweli. Mhudumu hakunipima, aliniangalia usoni akaanza kuniuliza habari za wasichana. Akaandika maambukizi, akanipa vidonge vya siku 7, nikarudishwa shule nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwizi. Yule mtu sijamsamehe. Maambukizi kwa kawaida huja polepole, siku moja mbili, mara nyingi na homa au mkojo unaowaka. Mimi sikuwa na hata kimoja. Nilikuwa na maumivu ya ghafla, matapishi, na korodani iliyopanda juu na kulala kiubavu. Kwa kijana wa umri ule hizo ni dalili za kumkimbiza mtu kwa daktari wa upasuaji, si za kumhoji kama polisi.

Nilifika kwenye chumba cha upasuaji jioni ya siku iliyofuata, saa 12. Hesabu mwenyewe: masaa 40. Daktari aliniambia baadaye kwamba alipoifungua ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Akaitoa, na ile ya pili akaishona mahali pake isije ikageuka nayo, maana kasoro hiyo mara nyingi huwa pande zote mbili.

Sasa sikia masaa yenyewe. Ikifunguliwa ndani ya masaa 6 tangu maumivu yaanze, korodani nyingi sana huokoka. Ikifika masaa 12 ni kama kurusha shilingi. Ikipita siku nzima, chache mno hupona. Kwa hiyo neno langu ni hili na sina lingine: korodani ikiuma ghafla, saa imeshaanza kuhesabu. Ni hospitali yenye upasuaji, usiku uleule, iwe mtihani iwe mvua. Asile wala asinywe kitu njiani, kwa sababu huenda akapigwa dawa ya usingizi. Asichuliwe. Asifungwe barafu akaambiwa tusubiri tuone. Na asije fundi wa bweni akajaribu kuizungusha kwa mkono. Hata kama alipigwa mpira pale, maumivu yakizidi saa moja hayapungui, aende. Kupigwa kunaweza kuisokota vilevile, na "si mpira tu ule" imewachelewesha wengi.

Hata sasa ambapo haumi, usingoje likizo. Mpigie mwalimu leo, kesho dogo aonwe na daktari, na mwambie daktari maneno haya: ilikuja ghafla, usiku, ikaondoka, mara mbili. Daktari akiona ni kamba kweli, anaweza kushonewa kwa mpango, mchana, akiwa anacheka. Ikirudi usiku wa leo, msisubiri hiyo kesho.

Na mfundishe kusema neno. Kweli kabisa. Mwambie akupigie simu aseme "korodani ya kushoto inauma" kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema goti. Arudie mpaka acheke amalize. Ungenifanyia mimi hivyo, ningekuwa na jozi.

Usinionee huruma. Iliyobaki inafanya kazi za zamu zote mbili na haijawahi kuomba likizo. Nina watoto wawili wanaonifanana mpaka kelele. Korodani moja nzima kwa kawaida inatosha kwa mbegu na kwa homoni, sauti yangu ni nzito kuliko yako. Nilichopoteza hasa ni miaka ya kuoga wa mwisho bwenini nikiogopa kuhesabiwa.

Haya, maswali yako mengine. Ndoto nyevu ni kawaida, hazimpunguzii nguvu wala damu, asitafute dawa. Moja kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida pia, na mara nyingi ni ya kushoto. Kinachotisha ni pale inapopanda ghafla na inauma. Naona nimerudi kulekule, basi. Uliuliza pia habari za chunusi na kitu kuhusu dada yake, sikumbuki vizuri, wengine watakujibu.

Umeshampigia mwalimu?