Ile njano ya pili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika. Unaniuliza kama wewe refa ulikosea kumtoa yule kijana aliyevua jezi kushangilia bao, ilhali alishakula kadi ya njano kipindi cha kwanza. Sheria unaijua kunishinda: kuvua jezi ni njano hata bao likikataliwa, na njano mbili ni nyekundu, unatoka uwanjani. Kwa hilo hunihitaji mimi.

Ila umenikumbusha ile nusu fainali yangu, ambayo mama yako mpaka leo anaiita "mechi ya kung'oa nyasi". Njano ya kwanza niliipata kipuuzi: filimbi imelia, mimi nikaubutua mpira hadi nje ya uzio. Dakika ya 80 nilikuwa nimeshaisahau. Fowadi akanitoka, nikamshika jezi, tena kwa vidole viwili tu. Refa hakukimbia. Alikuja anatembea taratibu, akatoa njano, nami nikashusha pumzi. Kisha mkono ukarudi tena mfukoni.

Nikakaa chini palepale, nang'oa nyasi, mpaka wenzangu wakaninyanyua. Tulikuwa tunaongoza 1-0. Tukabaki 10, wakatufunga mawili. Na hata tungeshinda, fainali ningeitazama jukwaani kwa adhabu.

Nimekwambia mara ngapi: kadi ni lugha, si hasira. Mwaka 1966, robo fainali ya Kombe la Dunia, nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, alitolewa dhidi ya Uingereza akagoma kutoka. Yeye na refa Mjerumani hawakuelewana lugha. Ken Aston, aliyesimamia waamuzi, alikuja kupata wazo akiwa kwenye gari, mbele ya taa za barabarani: njano ni onyo, nyekundu ni simama. Kadi zikaanza kutumika Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico. Kabla ya hapo mchezaji aliweza kuonywa asijue kama kaonywa. Mimi sikuwa na kisingizio hicho. Nilielewa vizuri sana, ndiyo maana nilikaa chini.

Lakini vidole viwili, jamani! Haya, nisijitetee, yule fowadi alikuwa anakwenda kufunga. Au pengine asingefunga, mpira ulishamtangulia mno, kipa wetu alikuwa ametoka… Unaona? Miaka yote hii, na bado naicheza.

Kijana wako hakumvuta mtu. Alifurahi tu. Lakini naye alijua ana njano, na kama hakujua, basi ni mwenzangu.

Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi. Mama yako amesoma hapa juu ya bega langu akasema nisikuamulie, wewe ndiye uliyekuwa na filimbi. Basi sisemi. Niambie kitu kimoja tu: ulipomwendea na ile kadi ya pili, ulitembea au ulikimbia?

Baba yako