Stempu za kujibandika: usikimbilie beseni la maji

Tuliojifunza kukusanya stempu zamani tulifundishwa njia moja tu ya kuzitoa kwenye bahasha: kata kipande chenye stempu, kitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, subiri, kisha itoe taratibu. Kwa stempu za kulamba njia hiyo bado haina mpinzani. Stempu za Kenya, Uganda na Tanzania za zama za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, iliyovunjika 1977, ukiziweka majini zinateleza zenyewe zikaachana na karatasi. Kazi imekuja na hizi za siku hizi, ambazo mtu anazibandua kwenye karatasi yake ya nta na kuzibandika kama stika. Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani hutumia hizo hizo, na kadi yao ya Idi au Krismasi ikifika, mtoto anataka stempu ndani ya albamu jioni ile ile.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usilowanishe kitu kabla hujajua umeshika stempu ya aina gani. Sogea dirishani uangalie meno yake. Stempu ya kulamba imechanwa kutoka kwa wenzake, kwa hiyo ncha za meno zina vinyuzinyuzi vya karatasi, kama imenyofolewa. Ya kujibandika imekatwa kwa chuma, na meno yake ni mawimbi laini yasiyo na unyuzi hata mmoja. Ukiwa na lenzi utaona kwa mara moja, na hata bila lenzi jicho huzoea.

Ukishajua ni ya kujibandika, swali linalofuata ni nchi na mwaka. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani gundi zote ni moja. Sierra Leone ndiyo inayotajwa kutoa stempu za kujibandika za kwanza, mwaka 1964, zilizokatwa kwa umbo la ramani ya nchi yenyewe. Marekani walijaribu mwaka 1974 kwa stempu ya Krismasi ya senti 10, na ile gundi ikawaumbua: kwa miaka ilipenya hadi upande wa mbele, na leo nyingi zina madoa ya kahawia. Waliporudi kwenye stempu hizi mwaka 1989 walikuwa wamejipanga vizuri zaidi, na kwa muda mrefu waliweka kati ya karatasi na gundi utando mwembamba unaoyeyuka kwa maji. Utando huo ndio uliokuwa rafiki wa mkusanyaji. Gundi yenyewe haiyeyuki majini. Kinachoyeyuka ni utando, stempu inaachia na gundi inabaki kwenye bahasha. Kuanzia mwaka 2004 hivi Marekani wakaacha kuuweka, na stempu zao za baadaye unaweza kuziloweka usiku kucha zisitoke.

Uingereza mpaka ni mwaka 2009. Stempu nyingi za kujibandika za kabla ya hapo zinatoka kwa maji ukiwa na subira. Mwaka huo wakaleta zile za kila siku zenye kichwa cha Malkia na mikato midogo ya umbo la U ndani ya stempu yenyewe, iliyowekwa makusudi ili anayetaka kuibandua aitumie tena ipasuke mkononi mwake. Ilitegwa kwa ajili ya mwizi, lakini inamnasa mkusanyaji vile vile. Utando wa maji nao haumo. Tangu 2022 stempu hizi za kawaida zina msimbo ubavuni, ule wa vijimraba vidogo, uliotenganishwa na picha kwa mstari wa meno ya kuigiza. Usiukate. Stempu ni picha pamoja na msimbo wake, na ukiukata umebaki na nusu.

Kwa zile zinazokubali maji, kata karatasi ukiacha nafasi kila upande, halafu angalia rangi ya bahasha. Nyekundu, ya bluu iliyokolea na ya kaki zitenge peke yake, kwa sababu zinachuja rangi na zitaziharibu stempu zote zilizomo beseni moja. Maji yawe ya uvuguvugu, si ya moto. Zinachukua muda mrefu kuliko za kulamba: nusu saa kwa zilizo rahisi, na nyingine zinahitaji kulala majini. Usivute. Ikiwa kona moja imeachia na nyingine bado, rudisha majini uende ukafanye kazi nyingine. Ikitoka, pitisha kidole mgongoni ukiwa chini ya maji. Ukihisi utelezi au mnato, sugua polepole hadi uishe. Kisha ilaze kifudifudi juu ya karatasi inayonyonya maji, na ikikaribia kukauka iweke katikati ya kitabu kizito. Sisi wa pwani, kwa unyevu huu wetu, tuipe siku kadhaa kabla ya kuitia kwenye albamu, la sivyo itashika ukurasa na hapo utaanza upya.

Sasa zile zisizokubali maji. Wakusanyaji wa Marekani wanasifu sana dawa ya kupulizia chumbani inayotengenezwa kwa mafuta halisi ya maganda ya machungwa, na wana haki, kwa kuwa mafuta hayo yanalainisha gundi bila kugusa wino wa stempu nyingi. Ila soma chupa vizuri. Nyingi za madukani kwetu zina harufu ya chungwa tu, na harufu haibandui kitu. Mimi hutumia mafuta ya kujazia viberiti vya chuma vya utambi, kama Zippo, kwa sababu yanakauka haraka na hayaachi doa. Mafuta ya taa usiyaguse, yanaacha ukungu wa mafuta usiotoka. Petroli ya gari pia hapana, ina viungo vingine ndani yake. Dawa ya kutoa rangi ya kucha na tina ya mafundi rangi zinakula wino, na utabaki na karatasi yenye kivuli cha picha.

Namna ya kufanya ni hii. Geuza kipande, stempu itazame chini. Dondoshea mafuta kwenye mgongo wa karatasi, nyuma ya stempu, mpaka karatasi ianze kuonyesha upande wa pili. Subiri dakika moja hivi. Kisha shika stempu iwe imelala bapa na uikunje karatasi, uivute kwa nyuma polepole. Kinachopinda kiwe karatasi, stempu isipinde kabisa. Hili ndilo jambo lenyewe hasa: anayeikunja stempu anapata mstari mweupe katikati ya picha, na mstari huo hauondoki. Ukihisi inagoma, usishindane nayo, ongeza tone jingine. Stempu ikitoka itakuwa bado inanata mgongoni. Ipake poda ya watoto kidogo kwa brashi laini, pangusa poda iliyozidi, uiache wazi usiku mmoja harufu iishe.

Na haya yote yafanyike dirisha likiwa wazi, mbali na jiko la gesi, mkaa, mshumaa na mvuta sigara. Mafuta haya yanawaka na mvuke wake unasafiri, kwa hiyo umbali wa meza moja hautoshi. Watoto wasaidie kwenye kazi ya beseni, hii wasiiguse. Jaribu kwanza kwa stempu unayoweza kuitupa bila kinyongo.

Pamoja na hayo, stempu za Uingereza za baada ya 2009 mimi sizibandui tena, labda ziwe nyingi za aina moja. Mikato ile inaweza kufunguka hata kwa mkono mwepesi, na ikifunguka haifungiki. Naikata bahasha kwa mkasi nikiacha ukingo mdogo wa karatasi pande zote, mistari iliyonyooka, meno yote yakiwa salama, naiweka hivyo hivyo kwenye albamu. Wapo wazee wa fani wanaoona huo ni uvivu. Waache waone. Stempu iliyobaki kwenye karatasi yake na muhuri wa posta mzima ina habari nyingi kuliko iliyobanduliwa ikachanika, na ukiipindisha kidogo kwenye mwanga utaona maandishi ya kung'aa ya posta yao, yenye herufi za siri. Tangu 2010 mwaka wa kuchapwa umo humo humo. Wako watu wanaokusanya herufi hizo tu.

Muhuri ukiwa mzuri, wenye jina la mji na tarehe inayosomeka, acha hata mkasi. Weka bahasha nzima. Na ukimwandikia shangazi au binamu aliyeko huko, mwombe mambo mawili: abandike stempu mbali kidogo na ukingo, na achague bahasha nyeupe. Ile nyekundu ya Krismasi inapendeza mezani kwake, lakini ndiyo inayotupa kazi huku.