Damu ya tyubu ya zambarau usiimimine kwenye nyekundu

Mwaka wangu wa kwanza maabara, kwenye zahanati moja Kigamboni, niliandika majibu ya mama mmoja: potasiamu 9, kalsiamu karibu na sifuri. Ni namba za mtu anayekaribia kufa, daktari akatoka mbio kumtafuta. Mama mwenyewe yuko kwenye benchi anamenya chungwa, anauliza kama atawahi pantoni.

Kosa lilikuwa langu. Mshipa ulisumbua, tyubu nyekundu (rangi ni ya kifuniko) haikujaa, nikaiongezea kidogo kutoka ya zambarau. Si damu ile ile? Kumbe ndani ya zambarau mna EDTA, inayoikamata kalsiamu ili damu isigande, na EDTA yenyewe huwekwa kama chumvi ya potasiamu. Potasiamu niliyoipima ilikuwa ya kiwandani.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi, jiulize kwanza: kipimo kinataka damu nzima au seramu, yale maji ya manjano yanayobaki juu? FBP (picha kamili ya damu) na HbA1c (wastani wa sukari wa miezi michache) ni damu nzima, chukua zambarau. Figo, ini na homoni nyingi ni nyekundu, au njano yenye jeli. Hizo ziache kama nusu saa zigande kabla ya kuzungusha kwenye mashine, hata kama foleni dirishani inanung'unika.

Bluu, ya kupima kuganda kwa damu, haina msamaha. Ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti, dawa ya kuzuia kuganda iliyomo ndani, basi jaza hadi kwenye alama. Ukipunja, damu itaonekana inachelewa kuganda, na mgonjwa wa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, atapunguziwa dozi bure.

Kijivu wengi wanaidharau. Chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya tyubu, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto la Dar linazidisha. Sampuli ya sukari inayotoka Mbagala kwa bodaboda kwenda maabara ya mjini, kwa foleni ile ya Kilwa Road, iweke kwenye kijivu, yenye dawa ya kuzuia ulaji huo.

Mkono ukiwa mmoja na tyubu nyingi, anza na bluu, kisha nyekundu au njano, zambarau, kijivu mwisho. Pindua taratibu, usitikise kama dawa ya kikohozi. Chembe zikipasuka potasiamu inapanda tena. Tarehe ya mwisho pia itazame, tyubu iliyopitwa haivuti vizuri.

Damu isipotosha, omba mkono wa pili. Yule mama alinipa wake bila kununa. Alinuna pantoni ilipomwacha.