Barua kwa mwanangu: Subaru au Crown

Lushoto, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua kidogo kwa baridi hii, ila juzi alipanda mwenyewe mpaka kwenye maharage, kwa hiyo usipige simu kumfokea.

Picha zako mbili nimeziona. Subaru Impreza WRX ya 2006, ya bluu, namba za D, yaani imeshasajiliwa hapa nchini, anauza mtu wa Tabata. Na Toyota Crown Athlete ya 2009, nyeupe, iko yadi, haijasajiliwa. Umeniuliza: baba, wewe umeshika usukani maisha yako yote, nichukue ipi? Kisha chini yake, kama mtu anayejitetea kabla hajashtakiwa, ukaongeza kwamba Crown ina nafasi, na sisi wazee tutakaa vizuri nyuma ukija kutuchukua Idi.

Nianze na hapo. Usitununulie sisi gari. Mwaka jana tumepanda gari na wewe mara mbili, na moja ilikuwa kwenda hospitali. Tena mama yako hakai nyuma, unajua mwenyewe. Kutoka Mombo kupanda huku ni kilomita kama 32 za kona, na akikaa nyuma tunasimama mara tatu kabla ya kufika Soni. Atakaa mbele, awe kwenye Crown, Subaru au lori la kabichi. Anayebaki nyuma ni mimi, na mimi siti ya nyuma sina hamu nayo. Nimeiangalia kwenye kioo miaka 27, yatosha.

Hebu nikueleze kuhusu siti hiyo. Nilipokuwa naendesha Peugeot 504 ya ofisi Tanga, mkubwa wangu alikuwa akiingia nyuma, anafungua gazeti, tukifika Segera kashalala. Kazi yangu ilikuwa asiamke. Unajifunza kufunga breki mapema, polepole, mpaka gari linasimama na maji ndani ya glasi hayajui. Shimo unaliona mbali, unalizunguka kama unazunguka kaburi. Hiyo ni kazi nzuri na niliipenda, lakini elewa: gari lile lilikuwa la aliyelala. Mimi nilikuwa sehemu ya gari.

Crown imetoka kwenye ukoo huohuo. Ipo tangu 1955, na huko Japani kwa miaka mingi imekuwa gari la mkurugenzi, la polisi na la teksi. Kwenye baadhi ya zile wanazoziita Royal Saloon, ukishusha mkono wa kati wa siti ya nyuma unakuta vitufe vya redio na kiyoyozi. Vitufe hivyo si vya dereva. Sasa hiyo Athlete uliyonitumia ni Crown iliyovaa raba: shokapu zimekazwa, rimu kubwa, sura ya ujana, lakini mwili ni uleule wa bosi. Ukitaka starehe ya kweli ungetafuta Royal. Umechagua Athlete, na hapo ndipo nilipoanza kukusoma, binti yangu. Hata ulipojilazimisha kuchagua gari la heshima, mkono wako ulikwenda kwenye ile inayojifanya ya mbio.

Nisiionee Crown. Kwa siku zako tano za kazi, kutoka Goba kwenda Posta na kurudi, Crown itakushinda kwa hoja. Foleni haijui turbo, ile pampu inayoshindilia hewa kwenye injini ya Subaru ipate nguvu. Subaru hiyo ni ya gia za mkono. Nilikufundisha klachi kwenye pikapu ya mjomba wako na ulijifunza haraka, lakini kukanyaga klachi saa nzima ukiwa na njaa ni jambo jingine. Crown inajiendea yenyewe, kimya, baridi, unasikiliza redio yako. Injini yake haina taimingi belti, ule mkanda wa mpira wa kuendesha vali unaotakiwa kubadilishwa, ina cheni. Itakaa.

Ila usidanganywe na watu wa yadi wanaosema Toyota haifi. Injini hiyo ya V6 ya lita 2.5 ni ya D-4, jina ambalo mafundi wetu wengi wakilisikia wanajikuna kichwa. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha vali hizo na kaboni inajijenga pale taratibu. Inataka petroli safi na fundi mwenye mashine ya kupimia. Yule wa chini ya mwembe, mwenye spana tatu na imani, umsalimie tu upite.

Na bei ya kwenye picha, uliza kama ni ya mpaka bandarini au ushuru umo. Gari la zaidi ya miaka kumi linaongezewa ushuru wa uchakavu, na injini iliyovuka cc 2000 inatozwa ushuru wa bidhaa zaidi ya iliyo chini yake. Crown yako imeingia kwenye yote mawili. Subaru ya Tabata hayo yalishalipwa na mwingine zamani. Ya kwako ni kubadilisha jina la umiliki, na usikubali "tutabadilisha baadaye".

Sasa Subaru.

Mwaka 1997 tulikuwa tunafuatilia Safari Rally ya Kenya kwenye redio ya gereji, na aliyeshinda alikuwa Colin McRae kwa Impreza. Mafundi walipiga kelele kama Taifa Stars imefunga. Nilikuwa wa mwisho kushangilia, kwa sababu mimi nilikuwa bado mtu wa Peugeot: 504 ilishinda Safari mwaka 1975, na ilikuwa 504 ya kawaida ya milango minne, ndugu yake na ile niliyokuwa nikimbebea mkubwa akilala. Siku hizo gari moja lilibeba mkurugenzi Jumatatu na kushinda mashindano Jumapili. Nyinyi mmezaliwa wakati vitu hivyo vimeshatenganishwa, ndiyo maana unaniuliza.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Mwaka 1986 nilimleta mkubwa huku Lushoto kwenye mkutano wa siku tatu. Siku ya pili nikatumwa Mombo kuchukua mzigo, nikashuka peke yangu, nikapanda peke yangu. Hakukuwa na mtu nyuma. Nilishusha vioo vyote vinne. Kuanzia Mombo nilipanda na gia ya tatu, ya pili kwenye kona, ya tatu tena, tairi zinalia kidogo, hewa inabadilika kutoka joto kuwa baridi kila baada ya kona chache, na pale maporomoko ya Soni nikasikia harufu ya maji kabla sijayaona. Sikupita kasi ya kipumbavu, maana upande mmoja ni mlima na upande wa pili hakuna kitu. Lakini kwa mara ya kwanza niliendesha kwa ajili ya kuendesha. Kuna mtu alinitambua akapeleka taarifa, nikapata barua ya onyo. Ipo kwenye lile sanduku la bati. Mama yako anajua.

Kwa hiyo ukiniambia gari lile la bluu limekupa usingizi wa mang'amung'amu, sicheki.

Na kwa njia hii yetu Subaru ina haki yake hata bila mapenzi. Inavuta kwa tairi zote nne, muda wote. Crown nyingi zinasukuma kwa nyuma tu, na hiyo yako ni mojawapo. Unakumbuka pale tunapoacha lami kuja nyumbani, udongo mwekundu wakati wa masika? Gari zito la kusukuma kwa nyuma litageuza makalio mbele ya msikiti na watoto watakuja kulisukuma huku wakiimba. Crown pia ni ndefu kuliko Impreza kwa karibu sentimita 40. Njia ya kwa jirani yetu pale kwenye mgomba huijui vizuri kama ninavyoijua mimi ninayepita na toroli.

Lakini hiyo uliyoniletea picha ina mambo. Kaka yako ameikuza picha kwenye simu yake tukaitazama pamoja. Bomba la moshi si la kiwandani, lina mdomo kama sufuria ya pilau. Chini imeshushwa, na kwa matuta ya Chalinze mpaka Mkata itaburuza tumbo njia nzima. Ndani naona geji ya turbo imebandikwa juu ya dashibodi. Aliyekuwa nayo alikuwa anaitafutia nguvu zaidi ya ile iliyopewa kiwandani, na gari la namna hiyo unanunua pamoja na usiku wote wa mwenye nalo.

Pistoni za Subaru zimelala, zinapigana ngumi kushoto na kulia, ndiyo maana injini ikaitwa boksa. Haisamehe njaa ya oili. Oili ikipungua na turbo inaendelea kudai, beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zinaliwa, unasikia mlio mdogo mdogo wa kugonga kama mtu anabisha hodi chini ya boneti. Ukisikia hodi hiyo, usifungue mlango wala pochi, ondoka. Hiyo ina taimingi belti, si cheni. Muulize ilibadilishwa lini na akuonyeshe risiti. Akikosa, hesabu kwamba haijabadilishwa. Plagi zake zimekaa pembeni kwenye kona zisizofikika, na fundi atakutoza kwa jasho hilo. Petroli inataka ya daraja la juu, kwa Japani wanaitilia ya okteni 100 hivi, kwa hiyo acha tabia ya kujaza popote palipo na bei nafuu. Na ukitoka safari ndefu usizime ghafla. Iache ipumue dakika moja, turbo ipoe na oili bado inazunguka.

Kuhusu mwendo sina hotuba. Barabara hiyo ina vijiji na kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kibao kuna askari amekaa na tochi ya kupimia mwendo kwenye kivuli. Kila kosa lina faini yake. Kinachonitisha si tochi. Ni kuovateki lori la pili baada ya kufaulu la kwanza, kwa sababu gari limekupa jeuri. Ukishapita moja, rudi upande wako, tazama upya kama vile ndiyo kwanza umefika pale. Hilo nakuomba kama baba.

Jibu langu ni hili. Chukua Subaru. Siku za foleni panda basi la mwendokasi, au vumilia klachi, ni juu yako. Lakini usichukue hiyo kabla sijaisikia ikiwaka. Na kama hiyo haifai, tafuta WRX nyingine ambayo haijaguswa, yenye bomba lake la kiwandani na urefu wake wa kiwandani, hata kama rangi yake itakuwa ya kijivu kama ya mhasibu. Usirudi kwa Crown kwa hasira. Crown utainunua siku utakapotaka kukaa nyuma, na siku hiyo utakuwa na hela za kumlipa dereva vizuri.

Usimalize akiba yote kwenye kununua. Bakiza za belti, oili, tairi nne na bima kubwa. Kama hazibaki, subiri mpaka baada ya mfungo.

Nashuka Jumamosi na basi la alfajiri. Mwambie huyo mtu wa Tabata tutafika alasiri, na asiliwashe gari siku hiyo kabla hatujafika; nataka kuweka mkono juu ya boneti nilikute limelala baridi. Akiuliza mimi ni nani, sema ni baba yako mzee amekuja mjini kupima macho. Usimwambie nilikuwa dereva.

Mama yako anauliza kama bado unakula chipsi usiku. Nimemwambia sijui.

Baba yako