Msijaze viduara vyote vitatu

Usithubutu kuwaambia watu wenu wajaze nafasi zote tatu. Umeuliza kuhusu vipeperushi, kuhusu tarehe ya uchaguzi, na kama ni kweli, kama alivyowaambia mshauri wenu wa kampeni, kwamba jamii yenu ndogo katika mji huo wa Marekani inapaswa "kutumia haki yake yote" kwa viti vitatu vya udiwani vinavyopigiwa kura na mji mzima. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayaamini, na mgombea wetu akaanguka.

Nilisimama mlangoni mwa ukumbi na mfano wa karatasi ya kura na kalamu nyeusi, nikimwonyesha kila aliyeingia namna ya kukoleza kiduara cha mgombea wetu, kisha viwili vya watu tulioambiwa kuwa ni marafiki zetu. Mama mmoja mzee aliniuliza kwa nini ampigie kura mtu asiyemjua, nami nikamjibu kwamba kuacha kiduara kitupu ni kupoteza kura. Jibu hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mmoja wa marafiki hao ndiye aliyechukua kiti cha tatu, tena kwa kura zetu wenyewe.

Piga hesabu. Wapiga kura ni 1,000, kila mmoja ana kura tatu za kuwapa wagombea tofauti, watatu wenye kura nyingi zaidi ndio wanaoshinda, na ninyi ni 400. Wale 600 wakigawa kura zao 1,800 kwa wagombea wao watano, huenda wakapata 560, 450, 320, 280 na 190. Mkimpigia wenu peke yake, anapata 400 na kushika nafasi ya tatu. Lakini watu 100 tu kati yenu wakimwongezea yule wa 320 kura ya pili, anafikisha 420 na wenu anabaki nje. Mshauri wetu aliijua hesabu hii, au alipaswa kuijua kabla ya kupokea fedha za watu waliochangishana, na baada ya matokeo hakupokea simu zetu tena.

Mbinu hii ya kumpigia mmoja peke yake si ngeni, na ndiyo maana baadhi ya majimbo ya Kusini yaliweka sheria za kuiua: kura isiyojazwa nafasi zote kuhesabiwa kuwa imeharibika, au kila kiti kupewa namba yake ili wachache washindwe kimoja kimoja. Huko Mobile, Alabama, ambako makamishna watatu walichaguliwa na mji mzima, Weusi walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi na hawakuwa wamepata kiti hata kimoja; mwaka 1980, katika kesi yao, Mahakama ya Juu ya Marekani ilidai ithibitishwe nia ya kubagua, hadi Bunge liliporekebisha Sheria ya Haki za Kupiga Kura mwaka 1982 ili matokeo yenyewe yatoshe kuwa ushahidi. Port Chester, New York, baada ya kesi kama hiyo, mwaka 2010 kila mpiga kura alipewa kura sita na ruhusa ya kumlundikia mtu mmoja zote, na Mlatino wa kwanza akaingia katika baraza.

Kwa hiyo nenda kwa karani wa mji kabla hamjachapisha chochote, umwombe kanuni zenyewe kwa maandishi. Ikiwa viti havina namba na hakuna sharti la kujaza nafasi zote, wafundisheni watu jina moja tu, na mama atakayeuliza kuhusu viduara viwili vilivyobaki, mwambieni aviache vitupu.