Maswali ya wasomaji: madabodi ya kuovakloki

Habari za kazi, wahariri. Nina prosesa ya Ryzen 7 5800X kwenye madabodi ya A520. Nikianza kutoa video, dakika chache za mwanzo mambo ni shwari, halafu kasi inaporomoka. Nataka pia kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani. Fundi anasema bila X570 nisahau. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Fundi wako kapatia nusu. A520 iondoe, lakini X570 si lazima (majina haya ni ya chipseti, chipu inayosimamia bodi). B550 nzuri inakutosha na chenji inabaki.

Kwanza, AMD wameifungia A520: kizidishi cha prosesa, namba inayopanga kasi yake, hakibadilishwi, hivyo hapo hakuna kuovakloki. B450, B550, X470 na X570 ziko wazi. Pili, na hili ndilo linaloelekea kukusumbua sasa, kuna VRM, yaani ule mstari wa koili za mraba na transista kando ya soketi. Inapokea volti 12 kutoka pawa saplai na kuzishusha hadi volti moja na ushei. Boksi la 5800X limeandikwa wati 105, ila kikomo chake cha kiwandani ni wati 142, na mkondo wa ampea 95 mfululizo. Zigawe kwenye fezi 4 (njia za VRM zinazogawana mzigo) za bodi ya bei chee, kila fezi inabeba karibu ampea 24. Kwenye fezi 8 ni 12 tu. Ampea zikipungua nusu, joto linalotokana na ukinzani wa kila transista linashuka hadi robo. VRM ikichemka kupita kiasi, bodi inaiamuru prosesa ipunguze mwendo.

Usinunue kabla ya kuhakikisha. Fungua HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na kasi, huku video ikitoka. Prosesa ikigonga nyuzi 90, ambacho ndicho kikomo cha 5800X, angalia feni yake au pesti iliyokauka. Bodi mpya haitakusaidia kitu. Ikiwa inacheza kwenye 70 na megahezi zinashuka, elekeza feni yoyote kwenye transista za VRM. Kasi ikirudi, umemkamata mwizi. Na ukisoma vipimo vya bodi vilivyofanywa kwenye chumba cha nyuzi 22, ongeza kumi hivi kwa chumba cha Mombasa chenye 32.

Dukani, usibabaishwe na taa wala jina la gemu kwenye boksi. Tafuta fezi za prosesa 8 au zaidi, transista za ampea 50 kwenda juu, bamba la kupoza lililofungwa kwa skrubu, na plagi ya prosesa yenye pini 8. Kuwa mwangalifu na maandishi kama “12+2”: mara nyingi 12 hizo ni fezi 6 zilizogawanywa mara mbili. X570 inakuongezea sloti nyingi za PCIe 4.0 (njia ya kasi ya kadi na SSD), na nyingi zina kifeni juu ya chipseti ambacho vumbi hukiua mapema. B550 inatoa 4.0 kwenye sloti kuu ya kadi ya grafiki na M.2 ya kwanza, sloti ya SSD. Kwa kadi moja na SSD moja, huhitaji zaidi.

Ukishaifunga, usikimbilie kuweka kizidishi kimoja kwa kori zote. Utapoteza ile 4.7 GHz ambayo prosesa huifikia yenyewe kori chache zinapofanya kazi. Ndani ya BIOS, washa PBO (prosesa ijiongezee kasi yenyewe), nenda Curve Optimizer (inayopunguza volti), weka hasi 10 kwa kori zote, kisha endesha programu ya majaribio ya Cinebench R23 kwa dakika 30. Ikipita, shuka tano tano, hasi 15, kisha hasi 20; mwisho ni hasi 30. Wengi hunaswa hapa: ukizidisha, kompyuta inaweza kuhimili Cinebench vizuri halafu ikajiwasha upya ikiwa imekaa bure tu, kwa sababu kwenye kazi nyepesi ndipo kasi inapanda juu kabisa huku volti ikiwa imekatwa. Iache usiku mzima bila kazi kabla ya kuamini.

Nimenunua RAM za 3600, vipande vinne, lakini BIOS inaonyesha 2133. Nikiwasha XMP, mpangilio wa kasi uliomo kwenye RAM, kompyuta haiwaki. Prosesa ni Ryzen 5 5600. (Msomaji, Dodoma)

Hiyo 2133 ni kasi ya kuanzia tu. Vipande vinne vinaielemea prosesa, hasa kama umechanganya jozi mbili. Zima, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 dakika tano ili BIOS isahau. Bakiza vipande viwili, sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha washa XMP. Ikikubali, 3600 ndiyo inayokwenda sambamba na 1800 ya FCLK, kasi ya njia ya ndani ya prosesa (RAM huhesabiwa mara mbili), hapo pazuri. Ukitaka vyote vinne, shusha hadi 3200 au chini, ukiacha volti 1.35, na upime kwa MemTest86, programu ya kukagua RAM.

Nina Dell OptiPlex 9020. Nikiweka prosesa ya i7-4790K nitaweza kuovakloki? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Bodi hiyo ina chipseti ya Q87 ya ofisini, nayo haifungui kizidishi. Usifikirie pia kuweka bodi ya Z97, inayoruhusu kuovakloki, kwa pawa saplai hiyohiyo: Dell waliweka plagi kuu ya pini 8, si 24. Nunua SSD, na kama RAM ni kipande kimoja, ongeza cha pili kinachofanana nacho.