Vidonda mdomoni kila mwezi, na dawa ya kupaka haishiki

SWALI: Dokta mambo, mimi haupiti mwezi bila kutoka vidonda mdomoni, vile vyeupe katikati na wekundu pembeni, nikila kitu cha chumvi machozi yananitoka. Nimeandikiwa triamsinoloni ya kupaka ila inaondoka na mate yote, nakosea wapi?

JIBU: Pole sana aisee. Hiyo dawa ni steroidi, inatuliza uvimbe na maumivu, na nahisi we unaisugua ndo maana. Haisuguliwi hiyo! Ukiisugua inakuwa chengachenga kama mchanga alafu inabanduka. Kausha kidonda kwanza taratibu na pamba, chukua kidogo tu kama nusu sentimita hivi, igusishe juu ya kidonda mpaka ufanyike utando mwembamba unaoteleza, basi iache hapo. Paka usiku ukiwa unaenda kulala ili ikae muda mrefu, na kama vinauma sana ongeza mara mbili tatu mchana baada ya kula, sio kabla. Anza mapema, pale unapohisi kamchomo tu.

Ila haizuii visirudi, usije ukailaumu bure. Kwa vile ni kila mwezi, kapime damu waangalie madini ya chuma, asidi ya foliki (nayo ni aina ya vitamini B) na vitamini B12, na jaribu dawa ya meno isiyo na povu jingi. Vile vya malengelenge ya virusi au fangasi usivipake hii, vitazidi. Na kidonda kikipitisha wiki 3 hakijapona, nenda kikaangaliwe.